Tumestaafu, tunazunguka kwa ndugu na RV. Dada yangu hataki kusikia kwamba tutalala garini

MamaWaTukuyu (Brooklyn Park, Minnesota)

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo.

Naleta jambo la familia lililochanganyika na jambo la gari, na naomba wenye uzoefu wa yote mawili wanisaidie.

Mimi na mzee wangu tumestaafu. Mimi nilikuwa muuguzi, sehemu kubwa ya kazi ikiwa zamu za usiku. Yeye aliendesha basi la jiji hapa Minneapolis, kwa hiyo gari kubwa halimtishi. Tumenunua RV iliyokwisha kutumika, ya futi 28, iliyojengwa juu ya Ford E-450: kitanda kiko nyuma, kuna choo na bafu, jiko la gesi, friji na meza ya kukunja. Tunataka kuondoka mwanzoni mwa Oktoba kabla baridi ya huku haijagandisha mabomba, tushuke na barabara kuu ya I-35 mpaka Texas, tukae kusini baridi yote, na ikifika Aprili tupande upande wa mashariki taratibu mpaka turudi nyumbani.

Milima na maziwa tutayaona njiani. Tunachokifuata ni watu. Mdogo wangu wa kiume yuko Des Moines. Binti yetu na mumewe, kijana wa Kisumu, wako Dallas. Dada yangu mkubwa yuko Houston. Mpwa wangu yuko Atlanta, mashemeji wawili Maryland, binamu wa mzee yuko Lowell kule Massachusetts, na mtoto wa marehemu kaka yetu yuko Columbus, Ohio. Miaka yote hii tumekuwa tukionana misibani na harusini. Unafika kwa ndege Ijumaa usiku, unajifunga kanga, unaingia jikoni na wenzako, mnazika au mnaoza, Jumapili jioni uko uwanja wa ndege kwa sababu Jumatatu una zamu. Watoto wa mdogo wangu wananiita shangazi kwenye simu, na hawajawahi kunikuta asubuhi nikipika chai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nataka nifike hiyo siku ya jembe kwa kila mmoja wao. Nataka nikae wiki mbili, nimchukue mtoto shuleni, nimenye vitunguu, nijue mama mwenye nyumba huwa amekasirika saa ngapi na kwa nini. Na huwezi kukaa wiki mbili kwenye nyumba ya watu wanaofanya kazi huku umemtoa mtoto chumbani kwake katikati ya muhula. Ndiyo maana ya gari. Tunaegesha mlangoni, mchana wote tuko ndani na wenyeji, usiku tunarudi kwenye kitanda chetu. Mimi mwenyewe zamu zimeniachia mwili usiolala mpaka karibu alfajiri, natembea, nachemsha maji, nasoma. Na mzee ana sababu zake za kiafya ambazo hapendi zisemwe, ila kuna kifaa chake cha umeme kinachotakiwa kiwake usiku kucha, na ngazi zinamsumbua magoti.

Sasa dada yangu wa Houston. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Nilipomwambia kuhusu gari alipiga vigelegele kwenye simu. Nilipomwambia tutalala humo, mbele ya nyumba yake, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Nimeshanunua shuka mpya. Mdogo wangu atalala nje ya mlango wangu, majirani waone?" Tangu siku hiyo anapokea simu zangu kwa sauti ya heshima, na dada yangu hajawahi kuniheshimu kwa sauti ile. Inaniuma.

Wengine hawana neno. Mdogo wangu amefurahi. Mkwe wetu wa Dallas nilipomwambia tutalala garini alijibu haraka sana, "Sawa kabisa mama, hakuna shida," mpaka nikashangaa kidogo.

Kwa hiyo naomba kujua. Kwanza, nimwambieje dada aelewe? Pili, njia inatupitisha Des Moines kwa mdogo wetu kabla ya kufika kwa dada mkubwa. Je, ni vibaya? Tatu, wenye uzoefu, umeme wa nyumba ya kawaida unatosha gari hili? Joto la Texas mnalijua.

Asanteni.

---

Dereva_KC (Kansas City)

Shikamoo mama. Mimi naendesha lori, na baba mdogo wangu ana RV kama yenu ambayo huwa namsaidia kuitengeneza, basi nianze na hilo la tatu, hayo mawili ya kwanza nawaachia wakubwa.

Gari lenu kwa kawaida hutaka umeme wa ampi 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Soketi ya kawaida ya gereji ya nyumba inatoa ampi 15, wati 1,800, na mara nyingi soketi ile inashirikiana na taa au friji ya gereji. Kuna kiunganishi cha kupunguza kutoka 30 kwenda 15, kinauzwa duka lolote la vifaa vya RV. Kwa umeme huo utawasha taa, utachaji betri, kifaa cha mzee kitawaka bila wasiwasi. Kiyoyozi cha dari kinaweza kufanya kazi peke yake, lakini kikianza kuzunguka huku maikrowevu au hita ya maji inawaka, breka inakata. Na kifaa cha mzee kitakatika usiku huohuo, kwa hiyo weka kwenye betri au kikae na betri yake ya akiba.

Waya wa kurefusha usichukue ule mwembamba wa kukatia nyasi. Chukua mnene, geji 10, na namba ikishuka ndiyo waya unakuwa mnene. Waya mwembamba unapata moto, na plagi inayeyuka ndani ya soketi ya mwenyeji wako. Baada ya saa moja ya kiyoyozi nenda kashike plagi kwa mkono. Ikiwa ya moto, zima.

Mengine ya mlangoni: pale gari linapopanda kutoka barabarani kuingia kwenye uwanja wa nyumba, mkia wa E-450 unaning'inia mbali nyuma ya tairi, unakwaruza. Mzee aingie kwa mshazari. Friji kama ni ile ya gesi, gari lazima lisimame sawa, hivyo beba vipande vya mbao vya kuweka chini ya matairi. Maji safi yajaze ukifika na si njiani, galoni 40 ni kama kilo 150 unazobeba bure. Na tangi la choo fika nalo tupu. Tumieni choo cha ndani mchana wote, tangi litakaa muda mrefu. Baadhi ya vituo vya mapumziko vya barabarani Iowa vina mahali pa kumwagia, kwa hiyo ukitoka kwa mdogo wako hiyo kazi imalizikie hukohuko.

Jambo la mwisho na ni kubwa. Muulize kila mwenyeji kama mtaa wake una HOA, chama cha wenye nyumba. Texas mitaa mingi mipya inacho, na vingi haviruhusu RV kukaa mbele ya nyumba zaidi ya siku moja au mbili. Wiki mbili ni barua na faini kwa mwenye nyumba, si kwako.

---

MwalimuLowell (Lowell, Massachusetts)

Mama, habari ya jioni. Nimesoma mpaka hapo kwa mkwe wako wa Kisumu na imenibidi nijibu hata kabla sijamaliza chakula.

Mimi ni Mjaluo, nyumbani Siaya. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Wazazi wangu wanaishika hiyo desturi mpaka leo, na sisi tuliokuja huku wengi tunaishika pia, hata wale ambao kanisani husema tumeiacha. Kijana wako pengine amekuwa na shida moyoni tangu aliposikia mnakuja: hawezi kukuambia usilale kwake, maana utaona amekufukuza, na hawezi kukulaza kwake, maana kwao watamuuliza. Halafu wewe mwenyewe ukamwambia una kitanda chako nje. Ndiyo maana amejibu haraka. Umemwondolea mzigo.

Kwangu ilikuwa hivyohivyo. Mama mkwe wangu anaishi na shemeji yangu kule Pennsylvania. Miaka yote akija kuona wajukuu tulimlipia hoteli, na hoteli za pande hizi za Boston zinamaliza mshahara wa mwalimu. Akija ni siku mbili tu, anakaa kwenye kiti kama mtu anayengoja matatu. Shemeji aliponunua trela ya kulala, wakaja nayo, wakaiegesha nyuma ya nyumba. Mama akakaa wiki nzima. Mchana yuko jikoni kwangu, anapika aliya (nyama iliyokaushwa) na osuga (mnavu), anawafundisha watoto kuhesabu kwa Kijaluo. Saa nne usiku anaaga, anakwenda kwake, hatua ishirini tu. Hakuna aliyevunja chochote. Watoto wangu wamemjua bibi yao kupitia ile trela, na sisemi hivyo kwa utani.

Kwa hivyo usiende Dallas ukiomba msamaha kwa kulala nje. Nenda kama mtu aliyekuja na suluhisho. Ila umwambie binti yako amuulize mumewe kwa utaratibu kama kuna mengine ya kuzingatia, mfano baba mkwe na bafu la ndani. Kila nyumba ina mipaka yake.

Na mtakapokuja kwa binamu yenu hapa Lowell, msipite Boston mjini. Kuna barabara inaitwa Storrow Drive, madaraja yake ni ya chini, na kila Septemba wanafunzi wanaohama na malori ya kukodi wanayagonga. Gari lenu lina zaidi ya futi 10 kwenda juu, halipiti. Hata Merritt Parkway ya Connecticut hairuhusu RV. Kutoka Maryland chukueni I-81 mpaka Scranton, kisha I-84 mpaka Sturbridge, I-90 kidogo, halafu I-495 itawaleta mpaka hapa bila kuona New York wala Boston.

---

Mzee_Mbagala (Silver Spring, Maryland)

Marahaba mwanangu.

Nakuita mwanangu kwa sababu nimestaafu kabla yako. Hayo ya nyaya waachie vijana, wanayajua. Mimi nakwambia la dada.

Kwa dada yako, lala ndani. Kwa wengine wote lala utakapo. Mtu aliyekulea hajapata nafasi ya kukutandikia kitanda tangu ulipokuwa mtoto, sasa amepata nyumba, ameweka shuka mpya, na wewe unamwambia umekuja na kitanda chako. Hata kama una hoja nzuri, yeye hasikii hoja. Anasikia kwamba umekua na humhitaji tena.

Hayo ya kulala garini ni mazuri, sikatai. Lakini nimeona wengi wetu tuliokaa huku tumezoea kutosumbua watu, na kutosumbua kukizidi, ndugu anajiona hana kazi kwako. Kwetu kumsumbua ndugu kidogo ni njia ya kumwambia wewe ni wangu. Kifaa cha mzee si kinabebeka? Nyumba za Houston nyingi chini zina chumba cha kusomea au sebule ya pili. Kiti cha kukunjua kinatosha.

Halafu nina swali moja, na usinijibu hapa kama hutaki. Je, dada amejua sababu ya mzee? Maana kama hajui, anachokiona ni kwamba mdogo wake amekataa kitanda chake bila sababu.

Kuhusu kupita kwa mdogo kwanza: si vibaya, njia ndiyo njia. Lakini usimwache dada asikie kwa mtu mwingine kwamba mmefika Des Moines. Mpigie yeye kabla hujawasha gari Minnesota, mwambie, "Dada, naondoka, nipe ruhusa na baraka, nitapumzika kwa mdogo wetu halafu nakuja kwako." Ukifika Des Moines mpigie tena, mdogo wenu akiwa pembeni. Hapo umeanzia kwake hata kama hujafika kwake.

---

BintiWaKaty (Katy, Texas)

Shikamooni. Mimi niko upande wa wenyeji, kwa hiyo naomba niseme ambayo wenyeji hawasemi.

Mjomba wangu na mkewe walikuja kwetu na RV kutoka Arizona. Nina watoto watatu, mume wangu anaamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, mimi natoka saa kumi na mbili. Tulipowalaza ndani siku za mwanzo nilikuwa nalala nimekaza misuli, nasikiliza kama mtoto anawasumbua, kama maji ya moto yamebaki, kama mlango wa choo umelia. Nilikuwa naamka mapema zaidi ili wakute chai. Baada ya siku ya nne nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikuwa nawapenda kwa bidii, na upendo wa bidii unaonekana usoni. Walipohamia garini, nilirudi kuwa mtu. Mjomba alikuwa anagonga mlango saa mbili asubuhi, watoto wameshakwenda shule, ananikuta na khanga ya kulalia siku za mapumziko yangu, tunakunywa chai mpaka saa tano. Hapo ndipo aliponisimulia habari za baba yangu wakiwa vijana Korogwe, mambo ambayo baba mwenyewe hakuwahi kunieleza na sasa hayupo wa kuniambia.

Kwa hiyo mama, mimi nakupa njia ya katikati. Lala ndani kwa dada usiku wa kwanza na wa pili. Zile shuka zilalwe. Aone umejifunika blanketi lake. Siku ya tatu, huku umeshika jembe kama ulivyosema, mwambie kwa upole kwamba sasa wewe si mgeni tena, na mwenyeji ana kazi kesho. Mzee naye kama hawezi kupanda ngazi, yeye alale garini tangu siku ya kwanza, na wewe ulale ndani na dada yako. Dada wawili ambao hawajalala chumba kimoja tangu utotoni, mtaongea mpaka kunakucha, na kama ulivyosema wewe usingizi wako hauji mapema.

Tarehe: msimu wa vimbunga wa Atlantiki unaanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na Houston tunaujua. Ukifika Novemba joto limepungua na hatari imepungua pia. Oktoba nzima mmalizie Des Moines na Dallas.

Na HOA alivyosema Dereva ni kweli kabisa. Mjomba ilibidi apeleke gari kwenye kambi ya kulipia baada ya siku mbili, umbali wa dakika kumi na tano, na bado mpango ulifanya kazi: jioni wanaondoka, asubuhi wanarudi. Kama mmoja wenu ametimiza miaka 62 na ni raia au mkazi wa kudumu, mchukue ile pasi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 80 kwa maisha yote. Kwenye kambi nyingi za serikali kuu unalipa nusu ya bei ya kulala. Dallas mtapata faida kubwa, maana maziwa ya pale kama Lewisville yana kambi za kikosi cha wahandisi wa jeshi na pasi inakubalika.

---

MamaWaTukuyu

Nimesoma yote kwa sauti, mzee akiwa amekaa mbele yangu. Mungu awabariki.

MwalimuLowell, umenifungulia macho. Nilimpigia binti yangu usiku uleule. Akacheka, akasema, "Mama, alikuwa anatafuta bei za hoteli kwenye simu kwa siri, nikafikiri anapanga safari." Sikujua, na kwetu Tukuyu ningepaswa kuhisi, kwa sababu bibi yangu alitusimulia jinsi mkwe wa kike wa zamani alivyokuwa akiacha njia na kuingia majanini akimwona baba mkwe anakuja. Sisi tulizaliwa hayo yakiwa yamelegea. Mkwe wangu anastahili nimheshimu alivyo. Nimemtumia ujumbe mimi mwenyewe, mfupi tu, kwamba baba na mama wanakuja na nyumba yao na wanaomba sehemu ya kuegesha. Amejibu kwa kunitumia picha ya uwanja wa pembeni ya nyumba, ameshaupima kwa futi. Mtaa wao hauna HOA.

Mzee Mbagala, shikamoo tena. Maneno yako kuhusu kutosumbua yamenikaa. Lakini naomba nikupinge kidogo, kwa heshima. Sitaki gari ili nisimsumbue dada. Nataka gari ili nimsumbue kwa muda mrefu. Nikilala ndani, nitaondoka baada ya siku nne kwa sababu ya mzee, na dada atabaki na shuka zilizolalwa na nyumba iliyonyamaza. Nikilala nje, atanichoka kwa raha zake mwenyewe. Yeye ana miaka sabini na kidogo. Mimi nimewahudumia wazee wa watu wengine maisha yangu yote, nimewakata kucha, nimewasikiliza saa tisa za usiku wakiita majina ya dada zao. Wangu nimemtumia hela na picha. Natamani nimkate kucha wangu.

Swali lako lakini lilikuwa na haki. Dada hakuwa anajua. Siri ni ya mzee na mimi naitunza. Tumezungumza, yeye na mimi, na ameridhia dada aambiwe, yeye peke yake, na amwambie mwenyewe kwa mdomo wake. Amempigia jana jioni. Nilitoka nje niwaache. Waliongea muda mrefu kuliko walivyowahi kuongea tangu tuoane, nadhani, maana kwa kawaida wao ni salamu na "nakupa dada yako".

Halafu dada akanitafuta. Sauti yake imerudi, amenigombeza vizuri sana. Amekubali kwa masharti. Usiku wa kwanza na wa pili mimi nalala chumbani kwake, BintiWaKaty umeshinda. Chai ya asubuhi ni ndani. Asisikie nimewasha jiko la gari nikiwa kwake. Mzee akitaka uji usiku, apige simu. Na majirani tayari ameshawaambia kwamba mdogo wake na shemeji yake wanakuja na basi lao.

HOA anayo, na wamempa siku tatu. Baada ya hapo kuna kanisa lao, wana uwanja mkubwa wa kuegesha nyuma, na mchungaji amekubali tuweke gari pale kwa kadiri tutakavyokaa. Ni mwendo wa dakika tano. Fundi umeme ambaye ni muumini wao amesema atatuwekea soketi ya RV ukutani ili kiyoyozi kiwake bila shida, na dada amemlipa nusu tayari. Nilimkataza, hakusikia.

Kutoka hapa nabeba mchele wa porini wa Minnesota, ule mweusi wanaovuna Waojibwe kwenye maziwa, mfuko mmoja kwa kila nyumba, ili kila mmoja awe na kitu cha tulikotoka. Dagaa na unga dada amesema nisibebe, Houston vimejaa. Dawa za mzee tumeomba za miezi mitatu kwa mara moja. Bima yetu ni Medicare ya kawaida, bima ya serikali ya wazee, ile inayokubaliwa majimbo yote kwa daktari anayeipokea. Walio na mipango ya Medicare Advantage, ile ya kampuni binafsi, waulize kwanza, mingi inawafunga kwenye eneo lao isipokuwa kwa dharura.

Swali limebaki moja tu, la Maryland. Mashemeji wako pande za Baltimore na mzee anasikia kuna tatizo la gesi kwenye mahandaki.

---

Dereva_KC

Mama, nimefurahi sana. Nianze na Maryland. Mtungi wa gesi ya propani wa RV hauruhusiwi kwenye mahandaki yote mawili ya Baltimore, la I-95 na la I-895. Zamani wenye gesi walizunguka I-695 na kuvuka daraja la Francis Scott Key, lakini lile liliangushwa na meli 26 Machi 2024. Sasa njia yenu ni I-695 upande wa magharibi wa jiji. Ramani ya kwenye simu haijui kama mna gesi, itawapeleka kwenye handaki. Mzee aandike I-695 MAGHARIBI kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani, pamoja na urefu wa gari kwenda juu.

Sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu huyo fundi wa kanisani, na umpigie leo kabla hajaanza. Soketi ya RV ya ampi 30 inaitwa TT-30, na ni ya volti 120. Fundi wengi wa majumbani wakisikia ampi 30 wanafikiria mashine ya kukaushia nguo, wanaiunganisha kwa volti 240. Umbo lake linawachanganya. Mkichomeka gari kwenye 240, friji, chaja ya betri, maikrowevu na kifaa cha mzee vinaweza kuungua dakika ileile. Mwambie: waya mmoja wa moto, nyutro mmoja, ardhi mmoja, breka moja ya ampi 30. Akimaliza, apime mbele ya mtu kwa mita, isome 120. Na nyinyi mnunue kile kifaa kidogo cha kupima soketi ya RV kabla ya kuchomeka, mkiweke mlangoni mwa gari, mkitumie kila mahali mtakapofika, hata kambini.

Mkipita Kansas City msipite tu. Mke wangu ni wa Rungwe.

---

MamaWaTukuyu

Nimempigia. Alikuwa ameshanunua breka ya 240. Anairudisha dukani kesho asubuhi.

Na Rungwe? Mwambie mkeo ateleke ndizi, tunafika katikati ya Oktoba. Nitumie anwani kwa ujumbe wa ndani, na uniambie kama mtaa wenu una HOA.